Samaki Wamejaa, Bwawa ni Lile Lile

 

Barua iliyo mezani leo imetoka upande wa Ndhiwa. Ndugu yetu huyo anatuambia kwamba ana bwawa la ngege nyuma ya nyumba yake. Alianza na vifaranga mia chache tu, na sasa akitupa pumba asubuhi maji yanachemka kwa samaki kama chungu kilicho motoni. Lakini hawakui. Mwaka umepita, nao bado ni kama kiganja cha mtoto, na mchuuzi aliyekuja kuwatazama aliondoka bila kutaja bei. Jirani zake wanamshauri achimbe bwawa lingine kubwa zaidi, awahamishie humo. Fedha ya kulichimba anayo, lakini ni fedha aliyoiweka kwa karo ya sekondari ya binti yake. Anauliza: je, achimbe?

Swali hili tunalijua, maana lilitupata na sisi wenyewe. Kwa hiyo kabla ya kumjibu, afadhali tueleze yaliyotupata.

Sisi ni kikundi cha watu kumi na wanane, wengi wetu akina mama, na bwawa letu liko bondeni kati ya Rongo na Awendo. Tulilichimba kwa majembe, mita 20 kwa 15, yaani mita za mraba 300. Kipimo hicho hatukukibuni. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki vijijini, mabwawa 200 kwa kila jimbo la uchaguzi lililochaguliwa, nayo majimbo yakiwa 140. Kila bwawa lilikuwa la mita za mraba 300, na kila moja lilipewa vifaranga 1,000. Mabwawa mengine ya wakati ule bado yana samaki, mengine yameota majani na vyura ndio wenyeji. Sisi tulichimba letu miaka ya baadaye, tukafuata kipimo kile kile, tukanunua vifaranga 1,000.

Kosa letu lilianza kwa furaha. Siku ya kuwatia vifaranga majini tulisimama ukingoni, tukawatazama wakipotea kwenye maji yale mapana, na mmoja wetu akasema, "Jamani, maji yote haya! Samaki elfu moja wataonana lini?" Tukacheka. Wiki mbili baadaye tukapata vifaranga wengine 1,500 kwa bei ya chini, tukawatia humo humo. Hatukumwuliza mtu yeyote. Tulifanya hesabu ya mfukoni tu: samaki 2,500 badala ya 1,000, basi fedha nayo itakuwa mara mbili na nusu.

Hesabu ile ilikuwa na tundu, nalo ni hili. Samaki hukua, bali bwawa halikui. Kifaranga wa gramu 2 na samaki wa gramu 200 wote wawili huhesabiwa "mmoja", lakini yule wa pili anavuta pumzi, anakula na kuchafua maji kupita vifaranga wengi wa aina ya kwanza. Vifaranga 2,500 wa gramu 2 ni kilo 5 tu za samaki. Wakifika gramu 40 kila mmoja, ni kilo 100. Bwawa la kadiri ya letu, lisilo na mashine ya kupuliza hewa, linalolishwa kwa samadi na pumba, ni vigumu kupita kilo 100 na kidogo. Kwa chakula kizuri cha kununua na maji yanayobadilishwa mara kwa mara, pengine litafika mara mbili ya hapo. Likishafika mwisho wake, samaki wote huacha kukua kwa pamoja. Hawafi, wala hawanenepi. Wanakaa tu. Wetu walikaa hivyo miezi minne, nasi tukidhani wana njaa, tukawaongezea pumba.

Hapa tungependa kukaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Twaona maji, twadhani samaki ana kila kitu. Lakini samaki naye anahitaji oksijeni kama wewe na mimi, na maji hubeba oksijeni kidogo sana. Katika hewa tunayovuta, oksijeni ni sehemu 21 katika kila sehemu 100. Katika lita nzima ya maji ya joto la digrii 25, kwa nchi iliyoinuka kama yetu hapa ziwani, oksijeni ni kama miligramu 7 tu, yaani haijai hata ncha ya kisu. Tena maji yakizidi joto huishika kidogo zaidi. Ngege ni mvumilivu. Huweza kuponea mahali ambapo samaki wengine wangekufa. Lakini ikishuka chini ya miligramu 3 huacha kula vizuri, na ikiendelea kushuka huja juu na kupanua kinywa.

Mchana, mwani ule unaoyapa maji rangi ya kijani hutengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua. Usiku hakuna jua, na mwani wenyewe unaivuta, samaki wanaivuta, na tope la chini lenye pumba iliyooza linaivuta pia. Wote wanakula katika sahani moja mpaka alfajiri. Ndiyo maana saa ya hatari kwa bwawa si saa nane mchana wakati mwenyewe anapopita kulitazama. Ni saa kumi na moja alfajiri, naye amelala. Na kukiwa na mawingu siku mbili tatu mfululizo, mwani haukutengeneza akiba ya kutosha mchana, basi usiku akiba huisha mapema.

Kwetu ilikuwa hivyo. Mvua ilinyesha, jua halikuonekana siku tatu, na siku ya nne mama mmoja aliyekuwa akienda kuchota maji aliona bwawa limejaa vinywa. Alisema kuwa aliona kama mvua inanyesha kutoka chini. Alipofika kutuita na sisi tukakimbia, wakubwa walikuwa wameanza kugeuka matumbo juu. Ajabu ni kwamba wakubwa hufa kwanza, wale uliokuwa ukiwatumainia. Tulijaza ndoo za maji ya mto tukayamwaga kutoka juu ili yachukue hewa, tukayapiga maji kwa matawi, watoto nao wakaingia kuyakoroga. Jua lilipopanda, vifo vikakoma. Tuliwahesabu waliokufa, walikuwa zaidi ya 400. Mweka hazina wetu aliandika idadi ile kwenye daftari, akalifunga, akakaa kimya mpaka jioni.

Afisa wa uvuvi alipokuja kututembelea alitia mkono wake majini. Hicho ni kipimo kisichohitaji fedha: tia mkono taratibu ukiwa umekunja kiganja, na ukifika kwenye kiwiko kiganja kikiwa ndipo tu kinapotea machoni, maji ni mazuri. Kikipotea mapema, mwani umezidi. Kiganja chake kilipotea kabla hajafika nusu. Akatuuliza, "Akina mama, ninyi mnalisha samaki, au mnalisha maji?" Kwa maana pumba isiyoliwa haitoweki. Inaoza, na pamoja na mavi ya samaki inatoa amonia, sumu inayochoma mashavu wanayopumulia. Wako bakteria wanaokula amonia hiyo na kuigeuza isiwe na madhara makubwa, lakini nao wanahitaji oksijeni, na kazi yao ina kipimo.

Wanaofuga samaki wa mapambo katika sanduku la kioo sebuleni wanaijua habari hii kuliko sisi, hasa wanaofuga samaki wa baharini walioletwa kutoka pwani. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, nayo hushika oksijeni kidogo kuliko maji baridi, na amonia ndani yake ni kali zaidi. Msongamano ambao ngege angeuvumilia kwa mwezi, samaki wa matumbawe hawezi kuuvumilia. Tena mwenye kununua sanduku jipya kubwa na kuwahamishia samaki siku hiyo hiyo huweza kuwapoteza wote, kwa sababu sanduku jipya halina wale bakteria bado. Huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Na maji yakipungua kwa jua, chumvi haiondoki pamoja nayo, hivyo hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi. Sisi wa huku tuna mfano wa jambo hilo karibu: Simbi Nyaima, ziwa dogo karibu na Kendu Bay. Wazee husimulia juu ya bibi kizee aliyenyimwa mahali pa kulala, na kijiji kikazama. Maji yake ni ya magadi, heroe huyapenda, lakini mvuvi hana kazi huko.

Turudi bondeni. Baada ya vifo vile, kikundi kiligawanyika. Wengine walitaka tuuze wote kwa bei yoyote tugawane. Wengine, na tukiri kwamba ndio tulioshinda, walitaka bwawa kubwa zaidi. Tukachanga tena, tukachimba la mita 30 kwa 20, mara mbili ya lile. Tukawahamisha samaki wote waliobaki, wadogo kwa wakubwa, bila kuchagua. Wiki chache walikula kwa hamu, wakaanza kunenepa, tukaimba. Baada ya miezi mitano bwawa lile kubwa lilikuwa limejaa kama la kwanza.

Walitoka wapi? Walizaliwa. Ngege wa bwawani huanza kuzaa akiwa na miezi mitatu hivi, hata kama bado ni mdogo wa mwili. Na akibanwa asikue, huzaa vile vile. Mama huyabeba mayai kinywani mpaka watoto waweze kuogelea, kwa hiyo wengi hupona. Baada ya wiki chache hubeba tena. Samaki ambaye wewe umemwona kuwa ni mtoto, mwenyewe ni bibi. Mama mmoja wetu alisema kwa uchungu, "Tumewajengea nyumba kubwa ili wapate nafasi ya kuoana."

Ndugu yetu wa Ndhiwa, hapa ndipo jibu lako lilipo. Usichimbe kwanza. Kwanza jua una samaki kiasi gani kwa uzito. Vuta wavu, chukua samaki ishirini bila kuchagua, wapime pamoja katika ndoo yenye maji ambayo umeshaipima, gawanya kwa ishirini, uzidishe kwa idadi unayokadiria. Ukiona umekaribia ule mwisho wa bwawa tuliousema, basi wapunguze. Wadogo waliodumaa wauze kama wa kukaanga, au wapeni jirani, au wakaushe. Samaki mdogo wa ngege ana kitoweo kama omena, na hakuna aibu kumla. Sisi tulichelewa kufanya hivyo kwa sababu tuliona haya kupeleka sokoni samaki wa ukubwa ule.

Pili, zuia uzazi. Vituo vinavyozalisha vifaranga huuza wale wa dume tupu, ambao hutengenezwa kwa kulishwa chakula chenye homoni siku za mwanzo za maisha yao. Si wote huwa dume kweli, lakini ni wengi mno kuliko ukiwaacha wenyewe. Wengine huweka kambale wachache, wale tunaowaita mumi, ili wale watoto wa ngege. Ila usimweke kambale mkubwa kuliko ngege wako, maana hatachagua.

Ukishayafanya hayo na bado ukaona bwawa la pili linafaa, lichimbe, lakini lisiwe la kuongeza samaki. Liwe la kuwatenga kwa ukubwa: wadogo huku, wa kuuza kule. Litayarishe kabla. Likauke, litiwe chokaa, kisha samadi kidogo, lijazwe maji na kungojewa wiki moja au mbili mpaka rangi ya kijani ianze. Mdomo wa kuingizia maji na wa kutolea uwe na wavu. Siku moja kabla ya kuhama usiwalishe, maana samaki aliyeshiba huchafua ndoo na kufa njiani. Wahamishe asubuhi mapema kukiwa na ubaridi, wachache wachache. Kama safari ni ndefu, chumvi ya jikoni kama gramu 5 kwa lita huwapunguzia mfadhaiko. Ukifika usiwamwage. Weka ndoo ndani ya bwawa jipya, changanya maji kidogo kidogo kwa robo saa, uinamishe ndoo, waache watoke wenyewe. Sisi tuliwamwaga kutoka begani, na wengine walikufa siku ile ile.

Huenda umesikia pia juu ya vizimba vya ziwani. Vijana wa Mbita, Roo na Sori wamevizoea, na kando ya ziwa upande wa Kenya vilikuwa vimepita 3,000 mwaka 2017, vingi vikiwa Siaya. Kizimba kidogo cha mita mbili kila upande kina maji mita za ujazo 8 tu, lakini hufuga samaki wengi kuliko bwawa kwa sababu ziwa linapita ndani yake, linaleta oksijeni na kuondoa uchafu. Tena ngege hawaongezeki humo, maana mayai huanguka kupitia matundu ya wavu kabla mama hajayaokota. Kwa hiyo mtu hufikiri, ziwa lote hili ni sanduku langu, msongamano utatoka wapi?

Utatoka pale maji yanaposimama. Katika miaka ya 1980 njia ya kwenda Rusinga ilijengwa kwa kujaza mawe na udongo kwenye mlango wa maji pale Mbita, watu wakavuka kwa miguu na magari, ikawa nafuu kubwa. Lakini mkondo uliokuwa ukipita kati ya Ghuba ya Winam na ziwa kuu ulizibwa, na ilibidi baadaye lijengwe daraja ili maji yapite tena. Ghuba yenyewe ni ya kina kifupi, na gugumaji linaposukumwa na upepo hufunika mahali na kuiba hewa. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi mno kwa siku chache, na wataalamu walitaja kupungua kwa oksijeni majini. Samaki wa ziwani asiyefungwa, maji yakiharibika, huogelea akaenda kwingine. Wa kizimbani hawezi. Kwa hiyo anayetaka kizimba na aulize kwanza juu ya kina na mkondo wa mahali pale, na vizimba vya jirani viko umbali gani, ndipo aulize bei ya wavu.

Kikundi chetu sasa kina mabwawa yale mawili. Katika dogo tunaweka vifaranga 900, katika kubwa 1,800, wa dume tupu. Tarehe moja ya kila mwezi tunawapima ishirini, na mweka hazina anaandika uzito badala ya idadi. Kila siku yenye mawingu mmoja wetu huamka alfajiri kwa zamu na tochi, akatazame vinywa. Fedha tuliyoipata mwaka uliopita haikufika ile tuliyoiota siku ya kwanza ukingoni, lakini ililipa deni la bwawa la pili, na watoto wanne wa kikundi walibaki shuleni.

Basi, ndugu yetu, karo ya binti yako iache ilipo kwa sasa. Azima mizani ya mwuza sukari, vuta wavu Jumamosi, kisha utuandikie tena. Utuambie samaki ishirini walikuwa na uzito gani, bwawa lina mita ngapi kwa ngapi, na mkono wako ulipotea wapi majini. Tutakusomea jibu hapa hapa.